Usikule Hiyo Ngome

Nekesa,

Mama yako amekufa. Alikufa Jumanne, tukamzika nyumbani Alhamisi ya wiki iliyofuata. Sitasema amelala. Sitasema ametangulia. Amekufa. Mimi ndiye nilimshika miguu ikiwa inapoa, kwa hivyo najua.

Nimeanza na hiyo kwa sababu tangu turudi kutoka Bungoma watu wanaingia hapa nyumbani wanazungukazunguka neno moja, na chai inaisha. Wewe na mimi tusizungukane.

Umeenda kanisani kwa watu wa kwaya, wao bado wanafikiria unawaaga. Nimekaa kwa meza, naandika na biro yako. Shule niliachia darasa la tatu, unajua, kwa hivyo herufi zikipanda mlima wewe panda nazo. Sitakuambia ubebe sweta. Sitakuambia uchunge pasipoti. Hayo yote Mama Njeri wa nyumba ya kando atakuambia kesho asubuhi kwa mlango, na ploti nzima itasikia.

Nataka kuongea kitu kimoja. Juzi uliniambia umeamua. Hauendi India kusomea kompyuta tena. Utaenda kwa ofisi ya mjomba wako, uanze kazi, ukae na mimi. Sikukujibu. Ulifikiria nimekubali. Sikukubali. Nilinyamaza kwa sababu nikiongea nitapiga kelele, wewe utalia, halafu nitasema sawa, kaa. Karatasi hailii. Ndio maana naandika.

Mjomba wako alileta hiyo kazi siku ya mazishi, udongo wa kaburi bado mbichi. Ulikuwa unapakua chakula, nafikiri ulisikia nusu tu.

"Shemeji," aliniambia, "huyu msichana anaenda India kufanya nini? Kwetu ofisini kuna nafasi. Kuingiza hesabu kwa kompyuta. Anaanza Jumatatu. Na wewe utapikiwa."

"Nani amekuambia sijui kupika?"

"Kwani umewahi?"

Watu wakacheka. Hata matangani watu hucheka. Na mimi nikacheka, badala ya kumjibu. Sasa acha nikujibu wewe.

Unakumbuka vile mama yako alipata ile chesi? Pengine ulikuwa mdogo. Alikuwa anapiga deki ule ukumbi wa mikutano hapa Umoja. Jumamosi vijana wa chesi walikuwa wanakuja kucheza, na yeye hawezi kufunga mlango mpaka watoke. Basi anangoja na ufagio wake, anaangalia. Aliangalia karibu mwaka mzima. Siku moja wanataka kutupa seti kwa sababu imepoteza kete, akawaambia, "Nipeni mimi." Wakafikiria ni ya mtoto kuchezea.

Haikuwa imekamilika hiyo seti. Malkia mweupe hakuna. Farasi mmoja hakuna. Askari kadhaa hakuna. Mimi nikasema, hiyo ni rahisi, tuweke vifuniko vya soda. Akakubali vifuniko kwa askari. Kwa malkia akakataa.

"Malkia si kifuniko," akasema.

"Basi tutacheza aje?"

"Hatutacheza. Nitapanga."

Ndio hapo alianza. Kama kete hazitoshi mchezo mzima, anachukua zile ziko, anazipanga kwa ubao vile hazingewahi kukaa watu wakicheza kawaida. Halafu anakuita. "Weupe wanacheza. Wasife." Ama, "Weupe wanacheza. Waue." Na jibu ni moja tu. Akikuta kuna majibu mawili anakasirika, anavuruga, anapanga upya. Mboga inaungua jikoni, yeye anasukuma askari mmoja mbele, anamrudisha nyuma. Nilikula sukuma nyeusi miaka mingi kwa sababu ya hao askari.

Mimi nilikuwa mtu wa drafti. Kwa kinyozi, kwa Karanja, pale nje kwa benchi. Na wewe unajua drafti. Kula ni lazima. Kama kuna kete ya kula na hujakula, mwenzako anakuchukulia yako bure, na watu wote wa benchi wanakuimba. Karanja alikuwa anapiga kelele hata akiwa ananyoa mtu.

"Wewe wa mjengo! Kula! Unaogopa kifuniko?"

"Ni mtego huo, Karanja."

"Mtego ni wako. Kula uone!"

Nakula. Anakula tatu zangu. Mteja wake ana povu nusu ya kichwa, anacheka kuliko sisi wote.

Kwa hivyo mkono wangu ulijifunza hivyo toka ujana. Ukiona cha kuliwa, kula. Mama yako akanipangia kile kitu chake cha kwanza. Nakieleza polepole kwa sababu ndicho nakiongelea mpaka mwisho.

Weupe walikuwa na mfalme na askari tu. Weusi walikuwa na mfalme wao, askari na ngome mbili, zile kete za kama mnara zinaenda moja kwa moja, zinaua mbali. Ukihesabu, weupe wamekwisha. Lakini askari weupe na weusi wamebanana uso kwa uso, kutoka ukingo mmoja wa ubao mpaka ule mwingine. Hakuna anayeweza kusonga. Ni ukuta. Na hapo kwa ukuta, mahali askari mweupe anaweza kuifikia, ngome moja nyeusi imesimama tu. Haina mlinzi. Ya bure.

"Weupe wanacheza," akasema. "Wasife."

"Nakula ngome."

"Kula."

Nikakula. Askari wangu akatoka kwa laini yake akaenda kando, kwa sababu askari anakula kwa kupinda. Pale alikuwa amesimama pakabaki tundu. Ile ngome ingine ikapita kwa tundu kama panya kwa mlango wa jikoni. Ikaanza kukula askari wangu kutoka nyuma, mmoja mmoja. Mfalme wangu akakimbia, akakosa pa kwenda.

"Umekufa," akasema. Akarudisha kete zote mahali zilikuwa. "Weupe wanacheza. Wasife."

Nikakula tena na askari mwingine. Nikakufa tena. Nikamwambia imeharibika hiyo. Akacheka mpaka akashika ukuta.

Jibu ni hili. Usikule. Ngome iko pale, inakuangalia, wewe iache. Sogeza mfalme wako hatua moja kushoto. Zamu ingine mrudishe kulia. Kushoto, kulia. Weusi wana ngome mbili na hawana mlango. Watazunguka huko kwao mpaka wachoke, na mchezo ni sare. Weupe hawajafa.

Nilimwambia hiyo si kucheza, hiyo ni kukaa. Akaniambia, "Kwani wewe kazi yako si kusimamisha kuta? Ukuta unafanyanga nini?"

Sasa, ile siku ya kompyuta. Ulikuwa umeanza kile chuo cha Buruburu, na kompyuta yao moja ilikuwa na chesi ndani. Mama yako akakuchorea kile kitu kwa karatasi uende nacho, ukakiingiza saa ya lanchi. Jioni ulifika hapa hujavua hata viatu. Nilikuwa nimekaa papa hapa, miguu kwa beseni.

"Mama, imekula."

"Imekula?"

"Imekula mara moja. Hata haikufikiria."

Mama yako akanigeukia. "Baba Nekesa, umepata ndugu."

Mlinicheka nyinyi wawili mpaka Mama Njeri akagonga ukuta. Nilijifanya nimekasirika. Sikuwa nimekasirika. Ukweli nilikuwa nimefurahi, kwa sababu ile mashine watu wanaisifu na mimi wa darasa la tatu tulikuwa tumeanguka shimo moja.

Na si kwamba mama yako aliiweza. Usiende India kusema hivyo. Ulimpeleka akacheza nayo mchezo mzima, kete zote, ikampiga. Akarudi siku ingine, ikampiga. Alikuwa anatoka pale anasema, "Huyo ni hatari." Ikicheza kawaida ni hatari. Ni vile vitu vya kupangwa ndivyo vinaisumbua. Nilikuuliza kwa nini, na ulinieleza vizuri, mpaka leo najua. Wacha nikurudishie maneno yako, uone kama niliyashika.

Ulisema kila kete ina bei kwa hiyo mashine. Malkia bei yake, ngome bei yake, askari bei ya chini kabisa. Inajumlisha yangu, inajumlisha yako, mwenye nyingi anashinda. Kwa mchezo wa kawaida hiyo ni kweli karibu kila siku. Kwa hivyo inaamini.

Halafu ulisema inaangalia mbele. Nikicheza hivi, yeye hivi, mimi hivi. Inaenda mbali kuliko mtu. Lakini inafika mahali inasimama, inahesabu bei, inasema bado ngome ni zao, weusi wanashinda. Ukuta hauna mahali pa kusimama. Ukuta ni leo, kesho, keshokutwa, mpaka mwisho. Mtu anaangalia mara moja anasema hapa hapapitiki. Mashine inaenda kila siku kuangalia kama mlango umefunguka.

Na ile ingine ndiyo ilinikaa. Ulisema hatua ni nyingi sana, haiwezi kuziangalia zote sawasawa, kwa hivyo zile za kijinga inazitupa mapema. Na kuacha ngome ya bure ni ujinga. Basi jibu lenyewe ndilo la kwanza kuenda kwa takataka.

Nikakuuliza, "Sasa mama yako anajuaje?"

Ukasema, "Baba, mama anajua kuna mtu aliipanga."

Mama yako alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa. Lakini nilimwona amesikia.

Kwa hicho kitu hakuna kete imefika pale kwa bahati. Kuna mtu aliiweka, akafikiria, akaitoa, akairudisha. Ukikuta ngome ya bure unajiuliza, huyu mama ameweka hii hapa ya nini? Ananitakia nini? Mashine haiulizi. Haijui kuna mama. Mimi nilijua kuna mama, alikuwa ameketi mbele yangu na leso yake, na bado nikakula. Kwa hivyo mimi nilikuwa mjinga zaidi.

Wakati redio ilisema kompyuta imempiga yule bingwa wa dunia, Karanja alizima mashine yake ya kunyoa. "Bingwa gani? Amewahi kuketi na mimi kwa benchi?" Lakini mama yako alisikiza mpaka mwisho. Akasema, "Sijui kama siku hizi wameifundisha kuacha." Ulimwambia iko siku itajua. Akasema, "Basi wewe ndiye utaifundisha." Aliisema hivyo tu, akaenda kuanua nguo.

Mimi sikujua kuacha toka zamani. Nikueleze moja. Kabla yako, kulikuwa na fundi wa mbao pale Jericho, mzee Mluhya mwenzetu, alinichukua nijifunze. Alikuwa ananilipa chakula na maneno. Miezi ilikuwa inaenda, najua kupiga randa, naanza kujua kuunga mlango. Kijana mmoja akaniambia godauni wanataka watu wa kubeba magunia, unalipwa kila jioni. Kila jioni, Nekesa. Ilikuwa imesimama pale bila mlinzi. Nikala. Yule mzee hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Na hii randa nimpe nani?" Nimebeba vitu vya watu toka siku hiyo. Nimebeba magunia, nimebeba mawe, sasa nabeba konkriti kupandisha ghorofa za mtaa wa Pipeline. Milango ya hizo nyumba inawekwa na watu wengine.

Silii. Kazi ni kazi, na imekusomesha. Nakuonyesha tu tundu lilipoanzia.

Hata kwa mjengo naliona kila mwezi. Ukimwaga konkriti ya sakafu ya juu, chini yake kuna mbao na magogo yanaishikilia mpaka ikauke. Mwenye nyumba anapita, anaona mbao zimekaa tu. Anamwambia nyapara, "Si hizi mtoe, mkafanyie kazi ile chumba ingine?" Zinaonekana za bure. Nyapara mzuri anakataa. Nyapara mwoga anatoa. Kwa site moja nilikuwa, walitoa. Sakafu haikuanguka. Ilibonyea katikati kama kitanda cha zamani, na iko hivyo mpaka leo, na watu wanaishi ndani, wakimwaga maji yanaenda katikati yenyewe.

Sasa hiyo kazi ya mjomba wako. Si kazi mbaya, na mjomba wako si mtu mbaya. Anamlilia dada yake vile anajua. Nikihesabu kama ile mashine, uko sawa. Mama hayuko, hiyo ni malkia imetoka. Baba ni mmoja, mgongo unamuuma. Msichana akienda, hapa hapabaki kitu. Kazi iko, ya karibu, ya kuanza Jumatatu. Kuikataa ni ujinga. Unaitupa hiyo hatua kwa takataka kabla hujaiangalia.

Iangalie.

Ukiikula, unatoka kwa laini yako unaenda kando. Askari harudi nyuma. Hiyo nafasi ya India haikungoji, watampa mtu mwingine kabla ya mwezi kuisha. Utaingiza hesabu za watu mpaka uzeeke, na mimi nitakuwa nakula ugali yako kila jioni nikijua imetoka wapi. Hiyo ndiyo itaniua. Si njaa. Njaa tunajuana.

Na mimi unanihesabu vibaya. Wewe unaona mzee amebaki peke yake. Angalia ukuta. Mama Njeri amekuja na sahani siku tatu mfululizo, na ananitukana akiiweka mezani, kwa hivyo ni wa kuaminika. Karanja alifunga kinyozi akaja mpaka Bungoma kuzika, mtu wa Murang'a, akalala chini kwa hema na sisi, akanyoa wazee wote kesho yake bure. Nyapara ameniwekea nafasi yangu. Kanisa liko hapo. Nyumbani mama yangu bado ana sauti. Hawa watu hawaendi popote. Wamebanana bega kwa bega na mimi toka ulipozaliwa, na hakuna mmoja wao anahitaji wewe uache masomo ndio asimame. Wewe ndio ukitoka mahali pako kunishika, ndio unaacha tundu.

Leo nimepika. Ugali imeungua kidogo chini. Sukuma ilikuwa nyeusi, lakini hiyo nimeizoea. Yangu nimekula yote. Umebakishiwa yako imefunikwa na sufuria kubwa. Ukija ionje, halafu umwambie mjomba wako najua kupika.

Ile chesi usitafute kwa begi. Haiko. Nimeiweka juu ya kabati, inabaki. Kule kompyuta ni nyingi, utacheza humo. Hii nataka kujifunza kupanga. Jana nilijaribu. Niliweka mfalme na askari na ngome, nikakaa nikaangalia, hakukutoka kitu. Lakini nimeanza. Nikipata kimoja nitakuchorea kwa barua, uiulize hiyo mashine yenu. Ikikula, niandikie. Isipokula pia niandikie, nitajua umeifundisha.

Kesho gari ya kwenda ndege ni ya Karanja, ndugu yake ndiye dereva. Amesema saa kumi na moja alfajiri na hachelewi, na huyo kweli hachelewi. Hiyo kazi, mjomba wako nitamwambia mimi. Nimeshapanga maneno. Nitamwambia, shemeji, asante, tumeiona, tumeiacha.

Sitakuja mpaka ndani kwa ndege. Nitakupandisha gari hapa kwa mlango, nikushike kichwa kama vile mama yako alikuwa anakushika, halafu nitembee mpaka Pipeline. Kuna sakafu ya nne inamwagwa na wananingoja. Asubuhi naenda, jioni narudi. Keshokutwa naenda, jioni narudi. Usinihurumie ukifikiria hiyo. Ni hatua moja kushoto, hatua moja kulia, na ukuta umesimama.

Wewe nenda. Mimi kesho narudi kazi.

Baba yako